Sukuma Niliyoipulizia Dawa Nikanyamaza

Niliwauzia majirani zangu sukuma wiki niliyoipulizia dawa ya wadudu jioni ya kuamkia siku hiyo. Mimi nilijua, walioinunua hawakujua. Mtoto wa mmoja wao alipougua, nilikuwa nimesimama kando ya mama yake kwenye zahanati, nikasikia mhudumu akimuuliza mtoto amekula nini, na sikufungua mdomo. Hilo ndilo ninaloungama. Nimelitanguliza ili msomaji asije akadhani kwamba habari za vidukari na magunia zitakazofuata ni za kujitetea. Sina utetezi.

Ninaishi katika ploti ya vyumba vya kupanga upande wa mashariki wa Nairobi. Nilifundisha shule ya msingi miaka mingi, na mpaka leo wakubwa kwa wadogo hapa wananiita Mwalimu. Uwanja wetu ni saruji tupu, hakuna udongo wa kupanda hata kitunguu. Nilipostaafu nikaanza kulima kwenye magunia.

Kilimo hiki si kigeni jijini. Baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, chakula kilipoadimika na bei kupanda, mashirika ya misaada yaligawa miche na kufundisha watu wa Kibera kulima kwenye magunia, na mitaa mingine ikaiga. Unachukua gunia kuukuu, unaweka katikati kopo lisilo na mdomo wala kitako, unalijaza kokoto, unazungushia udongo uliochanganywa na samadi, kisha unalivuta kopo juu na kulijaza tena, hadi ndani ya gunia inabaki nguzo ya kokoto ya kupitishia maji kutoka juu hadi chini. Ubavuni unatoboa matundu na kuchomeka miche. Gunia moja likitunzwa vizuri linabeba miche mingi kuliko mtu anavyotarajia, na nyumba inapata mboga ya kula na ziada ya kuuza.

Ziada yangu nilikuwa nawauzia wapangaji wenzangu. Hawakuja kwangu kwa sababu ya bei, maana mama mboga wa pale langoni alikuwa anauza kwa bei ile ile. Walikuja kwa sababu ya hofu ambayo kila mkazi wa Nairobi anaijua: sukuma ya sokoni imenyweshwa maji gani, imepulizwa nini, lini? Yangu waliiona ikiota mbele ya milango yao. Waliniuliza, "Mwalimu, hii haina dawa, sivyo?" Nami nikajibu, "Haina." Msimu wa kwanza jibu hilo lilikuwa kweli.

Vidukari waliingia wakati wa kiangazi. Kidukari wa jamii ya kabichi ni mdudu wa kijivu, mdogo, mwili wake umepakwa nta inayomfanya aonekane kama aliyenyunyiziwa unga wa ugali. Hukaa chini ya jani na kwenye kitovu cha mche, pale majani machanga yanapojikunja, na hufyonza utomvu mpaka jani linajikunyata na kugeuka manjano. Katika nchi za joto kama yetu jike hamngoji dume. Anazaa watoto hai, wote majike, na hao nao baada ya siku chache wanazaa. Ukiwaona watatu Jumatatu na ukapuuza, wiki inayofuata hutaweza kuwahesabu.

Ninajua sasa kwamba niliwaita mwenyewe. Nilikuwa nimejaza samadi mbichi ya kuku kwa pupa ya kuona majani mapana. Nitrojeni ikizidi, mche unatoa majani laini yenye utomvu ambao vidukari wanaustawia. Tena nilikuwa nimebana miche, matundu karibu karibu, hewa haipiti na jicho halifiki ndani. Na gunia lina hali yake: mizizi imefungwa, udongo ni kidogo, jua la saruji linalikausha haraka, na mche wenye kiu hauna nguvu ya kuhimili mdudu. Wenye shamba wanaweza kupoteza mistari miwili na wakabaki na chakula. Mwenye magunia manne akipoteza moja amepoteza robo ya shamba lake. Ndiyo maana hofu ilinishika upesi.

Nilikwenda kwenye duka la agroveti. Nilieleza ninacholima, lakini sikueleza kwamba nachuma kila baada ya siku chache na kwamba watu wanakula. Muuzaji aliniuliza nina kiasi gani cha pesa. Chupa nzima ilikuwa ghali, na magunia manne hayahitaji chupa nzima, kwa hiyo alinipimia kidogo kutoka kwenye chombo kikubwa, akaitia kwenye chupa ya soda, akafunga. "Kifuniko kimoja kwa lita tano za maji," akasema. Chupa haikuwa na lebo. Haikuwa na jina la dawa, wala rangi ya kuonyesha ukali wake, wala siku za kungoja kabla ya kuchuma. Sikuuliza hata moja kati ya hayo. Mtu aliyefundisha watoto kusoma kwa miaka yote ile alitoka dukani na chupa isiyo na neno lolote la kusoma, akaridhika.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunaolima mboga za majani tunapokosea, na si wenye magunia peke yao. Kila dawa iliyosajiliwa inaandikwa muda wa kungoja kati ya siku ya kupuliza na siku ya kuvuna. Nyingine ni siku tatu, nyingine saba, nyingine kumi na nne au zaidi, kutegemea sumu yenyewe na zao lenyewe. Ukilima kabichi hesabu hiyo inawezekana: kabichi inavunwa mara moja, unapuliza mapema, unangoja, unakata. Sukuma haivunwi mara moja. Unachuma majani ya chini leo, ya juu yake wiki ijayo, na mche uleule unakulisha kwa miezi. Kwa hiyo daima kuna jani linalokaribia sufuria. Ukipuliza dawa ya siku kumi na nne unatakiwa ukae wiki mbili bila kuchuma, na majani yote yatakayokomaa katika muda huo uyatupe au uyaache yazeeke. Mchicha, kunde na managu ni vivyo hivyo. Mboga inayochumwa jani kwa jani haipatani na dawa ya kungoja. Anayesema anapuliza na bado anauza kila wiki, dawa yake inafika mezani. Mimi nilikuwa mtu huyo.

Tena kuna dawa zinazoua kwa kumgusa mdudu na kubaki juu ya jani, na kuna zinazoingia ndani ya mche na kutembea na utomvu. Hizo za pili ndizo zinazopendwa kwa vidukari, kwa kuwa mfyonzaji anainywa sumu hata akijificha. Lakini iliyo ndani ya jani haiondoki kwa kuoshwa. Unaweza kusuuza sukuma kwa maji ya chumvi mara tatu, kama tulivyozoea, ukaondoa udongo na sehemu ya kilicho juu, na kilichomo ndani kikabaki pale pale.

Nilipuliza jioni, giza likiingia, wakati wengi walikuwa ndani wakipika. Nilichagua saa hiyo ili nisionekane. Ningetaka kusema nilichagua jioni kwa sababu nyuki wamelala, na ni kweli kwamba saa hiyo ni afadhali kwa nyuki, lakini sikuwa na habari na nyuki. Nilikuwa najificha.

Asubuhi jirani wa chumba cha mwisho, mama wa watoto wawili, alikuja na shilingi zake kama kawaida. Alisema, "Nipe ya jioni, Mwalimu. Yako nawapa watoto bila wasiwasi." Nikamchumia. Ningeweza kumwambia haijawa tayari. Ningeweza kusema imeingiwa na wadudu, angoje, na asingenilaumu. Nilifikiria pesa kidogo zile, nikafikiria aibu ya kuonekana kwamba hata Mwalimu anapuliza, nikafunga fungu na kumkabidhi. Mimi mwenyewe jioni ile sikuila. Nilipika maharagwe. Hilo linanihukumu kuliko yote, kwa sababu linaonyesha kwamba moyoni nilikuwa nimekwisha kujua.

Hakuna kilichotokea mara ile, na kutotokea kwake ndiko kulikonipa ujasiri. Vidukari walipungua, kisha wakarudi wengi kuliko kwanza. Sikuelewa sababu mpaka baadaye. Kwenye magunia yale walikuwako wadudu waliokuwa wakinisaidia: yule wa mviringo mwekundu mwenye madoa meusi, ambaye yeye na watoto wake hula vidukari, mabuu ya nzi wanaoning'inia hewani juu ya maua, na nyigu wadogo kuliko chungu, ambao hutaga yai ndani ya kidukari hadi anavimba na kugeuka ganda la rangi ya kahawia. Dawa yangu iliwaua hao pia. Vidukari wachache waliobaki wakazaa bila adui, huku sisimizi wa nyumbani wakipanda na kushuka kuwalinda kwa ajili ya majimaji matamu wanayoyatoa. Nikapuliza tena, sasa vifuniko viwili.

Kisha wakaja viwavi wadogo wa kijani wanaojining'iniza kwa uzi ukigusa jani. Hao ni watoto wa nondo mgongo-almasi, na ningekuwa nimesoma ningejua kwamba dawa ni silaha dhaifu mno kwao. Mwaka 1953, katika kisiwa cha Java huko Indonesia, iliripotiwa kwamba DDT haiwaui tena, na tangu hapo wameshinda dawa za kila aina, hata zile zinazotokana na bakteria. Hapa kwetu kituo cha icipe, kile cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kilichukua njia nyingine mwanzoni mwa miaka ya 2000: kilileta kutoka Taiwan nyigu anayeitwa Diadegma semiclausum na kumwachia katika nyanda za juu, pamoja na Taita na Limuru. Nyigu huyo anataga ndani ya kiwavi. Walimu wa vijiji vya Taita huenda walijua hayo wakati mimi, jijini, naongeza kifuniko cha tatu.

Usiku wa siku iliyofuata, mtoto mdogo wa yule jirani yangu wa chumba cha mwisho alianza kutapika. Mama yake alinigongea mlango kwa sababu mumewe alikuwa kazini zamu ya usiku na mimi ndiye mtu mzima aliyekuwa karibu. Nilimbeba mtoto mwenyewe. Alikuwa akitoka jasho jingi na mate, tumbo linamuuma, amelegea. Kule zahanati mhudumu akauliza, "Amekula nini?" Mama akajibu, "Ugali na sukuma. Lakini sukuma ni ya Mwalimu huyu, haina dawa." Mhudumu akanitazama, nami nikatazama sakafu. Nilikuwa nimepuliza jana yake. Sentensi moja ingetosha. Ulimi ulikuwa mzima, akili ilikuwa nzima, na nilinyamaza kwa kusudi.

Walimtibu kama mtu mwenye maambukizi ya tumbo, wakamwongezea maji, wakamweka mpaka asubuhi. Alipona. Siwezi kuthibitisha kwamba sukuma yangu ndiyo iliyomuumiza. Watoto wa mtaa wetu huugua tumbo kwa sababu nyingi, na maji ya mfereji wetu hayaaminiki. Lakini kutothibitishika hakuniondolei kosa, kwa kuwa aliyezuia jambo hilo lisijulikane ni mimi. Baadhi ya dawa za wadudu zinazouzwa katika maduka yetu ni za kundi linalovuruga neva kwa namna hii: mgonjwa hutokwa na jasho na mate, hutapika, huhara, mboni za macho huwa ndogo, na hali ikizidi hushindwa kupumua. Ipo tiba yake, sindano ya atropini, na daktari anaitumia akijua au akishuku anachopambana nacho. Mimi nilimnyima mhudumu yule sababu ya kushuku. Lau mtoto angezidiwa usiku ule, angekuwa anatibiwa ugonjwa mwingine huku mwenye jibu amekaa kwenye benchi ya nje.

Nilichelewa kumwambia mama yake. Siku zilipita nikimwona akipita na ndoo, ananisalimu, "Shikamoo Mwalimu," nami nikiitikia. Hatimaye nilimwita, nikamweleza yote: chupa, vifuniko, jioni, fungu la asubuhi, na zahanati. Hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja, kwa nini sikusema pale mhudumu alipouliza. Nikamjibu kwamba niliona aibu. Akasema, "Mtoto wangu alikuwa mikononi mwako." Kisha akaingia ndani. Hajanunua kwangu tena, na ana haki. Niliwaambia wapangaji wengine pia, mlango kwa mlango, kwa sababu wote walikuwa wamekula. Baadhi walinisamehe haraka kuliko nilivyostahili. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya chakula cha kutosha kilicho na ubora unaokubalika. Tumezoea kudai haki hiyo kwa serikali, na mimi nilikuwa nikiivunja uwanjani kwangu.

Chupa ile sikujua niitupe wapi. Kuimwaga mtaroni kungekuwa kosa jingine. Niliirudisha dukani, nikamwambia muuzaji kilichotokea. Alinisikiliza, akaichukua, akaendelea na mteja mwingine. Sheria ya Kenya kuhusu viuatilifu, Sura ya 346, inataka bidhaa iwe imesajiliwa na iuzwe na lebo yake. Kupimiana kwenye chupa za soda hakumo ndani yake. Lakini siwezi kumtwika muuzaji mzigo wangu wote. Mnunuzi aliyekubali chupa isiyo na maneno nilikuwa mimi.

Udongo wa magunia yale niliuondoa. Nilianza upya, miche michache, nafasi ya kutosha mkono na macho kupita. Samadi sasa naingojea ioze. Kila asubuhi nageuza majani na kutazama chini yake kabla sijanywa chai. Vidukari wakiwa wachache nawaponda kwa vidole, inachafua mkono lakini inatosha. Wakizidi, nawapiga kwa maji ya nguvu, kisha maji ya sabuni ya kipande iliyoyeyushwa kidogo, nikilenga chini ya jani kabisa, maana sabuni haimuui asiyelowa, na ile nta yao inahitaji sabuni ndiyo maji yashike. Baadaye naisuuza ili jani lisiungue. Mche uliofunikwa wote naung'oa na kuutia kwenye mfuko uliofungwa. Kung'ang'ania mche mmoja kumewahi kunigharimu gunia. Juu ya miche michanga nafunika chandarua, ambacho kinamzuia nondo asitage. Na nimeacha giligilani itoe maua pembeni, kwa sababu maua yake yanawavuta wale nyigu na nzi wanaonisaidia.

Bado kuna majani yenye matundu. Nayauza hivyo hivyo, kwa wanaoyataka. Mimi sasa jani lisilo na alama yoyote kabisa, sokoni, ndilo linalonifanya niulize.

Jambo moja nalisisitiza, kwa sababu nimeshauriwa hivyo na watu wenye nia njema: usichemshe tumbaku ukapulizia mboga ukidhani kwamba kwa kuwa ni mmea haina madhara. Nikotini ni sumu kali kwa binadamu, na inapenya hata kwenye ngozi. Mwarobaini ni afadhali, lakini nao una vipimo vyake, na mboga iliyopulizwa mwarobaini si ya kuchuma saa ile ile.

Na ukiona huna budi kutumia dawa ya dukani, inunue ikiwa kwenye chombo chake kilichofungwa, hata kama ni ghali, mkichangiana na majirani wanaolima. Angalia kama sukuma imetajwa kwenye lebo. Angalia rangi ya mkanda: nyekundu ndiyo kali kupita zote, kisha manjano, kisha buluu, na kijani mwisho. Soma siku za kungoja, andika tarehe kwenye kipande cha kadibodi, ukifunge kwenye gunia mahali ambapo kila mtu anaona, na usichume mpaka siku ziishe. Anayekuja kununua mwambie kabla hajauliza. Na mtu akiugua baada ya kula mboga yako, mpeleke hospitali pamoja na chombo cha dawa, usimlazimishe kutapika, na mhudumu akiuliza amekula nini, jibu wewe.